Ramani za nyikani hutoka wapi, na zaaminika kiasi gani?

DEREVA anayetoka Marsabit kuelekea North Horr huona kwenye simu yake mstari mwembamba ukikata Jangwa la Chalbi. Mstari huo humtuliza moyo. Hata hivyo, mvua ikinyesha, sehemu za Chalbi hugeuka dimbwi pana, na hata juu kukikauka, chini ya gamba la chumvi husalia matope yawezayo kunasa lori. Ramani haisemi lolote kuhusu hayo.

Wengi huchanganya mambo mawili. Setilaiti za GPS humwambia msafiri yuko wapi, basi. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kosa la vifaa vya kawaida mahali pa wazi limekuwa mita chache tu. Njia iliyochorwa kwenye kioo ni habari nyingine kabisa, nayo yatoka kwa binadamu.

Msingi wa kale ni ramani za karatasi za Idara ya Upimaji ya Kenya, nyingi zikiwa zimechorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege, kwa msaada wa Uingereza. Milima haijahama, hivyo bado zina thamani. Njia za magari, aghalabu, zimehama. Tena kuna mtego ambao huwanasa hata wasomi: ramani hizo zilitumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Anayesoma nambari za kisima kwenye karatasi na kuziingiza katika kifaa bila kubadilisha mfumo hukosea kwa takriban mita 300. Usiku, umbali huo watosha kumwacha ng'ambo isiyofaa ya korongo.

Mistari ya simu, kwa upande wake, mara nyingi hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambapo watu wa kujitolea huchora njia wakitazama picha za setilaiti. Mchoraji aliye Ulaya atatofautishaje njia ya ngamia na ya gari? Na picha ikiwa ilipigwa kiangazi, mto wa msimu huonekana kama mchanga mtupu. Tracks4Africa ya Afrika Kusini hukusanya rekodi za GPS za wasafiri waliopita wenyewe. Hilo ni afadhali, ingawa rekodi huthibitisha kwamba gari lilipita siku ile, si kwamba litapita leo.

Msafiri mwangalifu huweza kufungua OpenStreetMap na kuona njia fulani ilihaririwa lini, na mara nyingine ilichorwa kutokana na nini. Asidanganyike programu mbili zikikubaliana, kwani huenda zote zimechota kisima kimoja. Ushahidi wa pili ni dereva wa lori la mifugo aliyefika Kalacha jana. Huyo ataeleza mahali magurudumu yalipozama, na upande aliozungukia.