MTU SI MASHINE



Mara nyingi ukurasa huu unawaeleza juu ya kofia ngumu, vumbi na maji ya kunywa. Leo tuongee juu ya hatari isiyoonekana kwa macho: namna watu wanavyopangwa kazini, na namna wanavyosemezana. Kuna wataalamu wanaochunguza jambo hili kama sisi waganga tunavyochunguza malaria. Wana sababu. Mpango mbaya wa kazi unaumiza watu, hata kama kila mmoja amevaa kofia yake.

Tuanze katika nchi yetu. Miaka ya 1920, kompani ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo mali yake ilikuja kuwa Gécamines, ilitafuta watu wa kazi mbali sana, hata Ruanda-Urundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, jirani na sisi wa Kavimvira. Wengi walichukuliwa kwa mapatano ya muda mfupi, bila wake zao. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 mpango ulibadilika: mapatano ya miaka 3, ruhusa ya kuja na mke na watoto, nyumba, posho, matibabu na shule. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa walioongoza kazi hiyo. Vifo vilipungua, na watu wakakaa kazini. Hili ndilo fundisho la kwanza: nguvu ya mfanyakazi inaanzia nyumbani kwake.

Lakini mpango ule ulikuwa na tundu. Wakubwa walihesabu posho, nyumba na wagonjwa. Hawakumwuliza mfanyakazi anaonaje. Sheria haikumruhusu Mwafrika kuwa na sendika mpaka mwaka 1946. Wakati wa vita kuu ya pili, bei za vitu zilipanda na mshahara ukabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Watu makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Fundisho la pili: kumlisha mtu siyo kumsikiliza.

Sasa twende Uingereza, katika mashimo ya makaa ya mawe. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth walitoa uchunguzi wao. Bamforth hakuwa mgeni shimoni. Alikuwa amechimba makaa miaka 18. Zamani, walisema, mchimbaji alichagua mwenzake mwenyewe. Watu wawili watatu walifanya kazi yote pamoja, tangu kukata mpaka kupakia. Mmoja akiumia, wenzake walitunza jamaa yake. Kisha zikaja mashine. Watu 40 hivi waligawanywa katika zamu 3, kila zamu na kazi yake moja. Hawakuonana. Zamu ya kwanza ikiharibu, ya pili ilirithi taabu. Kila zamu ililaumu nyingine, watu wakakosa kazini, na wengine wakaugua kwa sababu ya moyo uliolemewa.

Lakini katika shimo moja la jimbo la Yorkshire, Trist alikuta watu wamejipanga tena katika makundi. Walibadilishana kazi na kusaidiana bila kungoja amri. Huko ajali zilikuwa chache, waliokosa kazini walikuwa wachache, na makaa yalitoka kwa wingi. Mashine zilikuwapo, kilichobadilika ni mpango wa watu.

Jambo hili si geni kwetu. Tazama wavuvi wa ndakala wa Uvira wanaotoka usiku na taa zao. Mmoja akiona upepo unageuka, anapaza sauti, na wote wanasikia, hata kama yeye ndiye mdogo wao. Wakingoja mkubwa aone kwanza, ziwa litawameza wote.

Basi tufanye hivi:

1. Wakati wa kubadilishana zamu, kapita anayetoka amngoje anayeingia. Amwambie kwa mdomo: jiwe gani limelegea, nguzo gani imepasuka, baruti gani haikulipuka.

2. Anayetaja hatari asichekwe wala kufokewa, hata kama ameanza kazi juzi. Ukimfunga mdomo leo, kesho ataona hatari na kunyamaza.

3. Ajali ikitokea, tusiishie kuuliza «Nani mwenye kosa?» Tuulize pia: «Kazi ilikuwa imepangwa namna gani? Nani alijua? Kwa nini hakusema?»

4. Mama, mume wako akirudi siku nyingi bila usingizi, bila hamu ya kula, akikasirikia watoto bila sababu, usiseme ni tabia yake tu. Msemeshe kwa upole, naye aje hospitali. Maumivu ya kichwa na tumbo pengine yanatoka kazini, na vidonge peke yake haviwezi kuyamaliza. Jambo likiwa la mpango wa kazi, delege wa wafanyakazi alipeleke kwa wakubwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kofia inalinda kichwa kimoja. Neno lililosemwa mapema linalinda zamu nzima.