Riwaya zinapokuwa mali ya umma, kazi ndipo inapoanza

MWALIMU wa Kiswahili mjini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, akitaka kuchapa upya riwaya ya Kusadikika kutoka toleo lake la kwanza na kuwagawia wanafunzi wake wote, sheria ya nchi haimzuii. Kizuizi ni kazi yenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki dunia Juni 1962. Kwa hiyo ulinzi wa Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, pamoja na Adili na Nduguze ya mwaka 1952, ulifikia ukomo mwaka 2012. Utangulizi mpya, maelezo ya wahariri na michoro iliyoongezwa katika matoleo ya baadaye havimo katika uhuru huo.

Hata hivyo, kitabu kuwa huru si sawa na kitabu kupatikana. Katika nchi nyingine pengo hilo limezibwa na watu wanaojitolea bila malipo. Mmarekani Michael Hart alianza peke yake Julai 4, 1971, alipoingiza Azimio la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Ndiyo ikawa Project Gutenberg, maktaba ambayo leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Mwaka 2000 ukaanzishwa mradi wa Distributed Proofreaders, unaowagawia wasahihishaji kitabu ukurasa mmoja mmoja, hata mwenye nusu saa tu kwa siku apate la kufanya.

Kazi huanza kwa kupiga picha kila ukurasa. Kisha programu huigeuza picha kuwa maandishi, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Msahihishaji huona picha na maandishi kwa pamoja, akalinganisha neno kwa neno. Ukurasa hupita kwa wasomaji watatu, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kushughulikiwa aya, vichwa vya sura na beti za mashairi.

Kwa Kiswahili usomaji huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Wino ukififia, herufi b husomwa na mashine kama h, na "baba" akawa "haba". Herufi u ikigawanyika, "mtu" huwa "mtii". Maneno yote hayo ni Kiswahili sahihi, hivyo programu ya kukagua tahajia haiyashuku. Ni msomaji anayeijua lugha pekee atakayeshtuka, na wasomaji wa namna hiyo ni wengi zaidi Kiomboi kuliko Illinois. Asiposhtuka, kosa lake litanakiliwa kila faili linapotumwa.

Aidha, uhuru wa kitabu huishia mpakani. Kila Januari Mosi wanaojitolea nchini Marekani hupokea zamu mpya ya vitabu: mwaka 2025 ilikuwa ya vile vilivyochapishwa mwaka 1929, ikiwamo riwaya ya Ernest Hemingway, A Farewell to Arms. Huko vitabu vya miaka hiyo huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kwa hesabu hiyo, kitabu cha mwaka 1951 kinaweza kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2046, ingawa nyumbani kwa mwandishi kilikwisha kuwa huru. Uingereza nayo huhesabu miaka 70 baada ya kifo. Ni ajabu kidogo kwamba Kusadikika, ambamo Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, isafiri kwa shida kwa sababu ya sheria. Mwenye kuiandaa nchini hana budi kuiweka katika hifadhi iliyo chini ya sheria za nchini.

Tafsiri nazo zina hesabu yake. Tamthiliya za William Shakespeare ni za umma tangu zamani, na yeyote aweza kuzitafsiri upya. Lakini Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni Kiswahili cha Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999. Kwa sheria ya Tanzania ilivyo, tafsiri hizo zitaendelea kulindwa hadi mwaka 2049.