Makaa ya Mtungini: Eksirei Inatuambia Nini?

Huku Matayos, kaunti ya Busia, ninakofanyia kazi mbali na kwetu Pwani, nimeona watu wakitia vipande vya makaa mtungini, kisha wakisema maji yamekuwa safi. Harufu hupungua kweli. Lakini je, maji hayo ni salama? Jibu limo ndani ya makaa yenyewe.

Aliyetufunulia mengi ni Rosalind Franklin, mwanasayansi Mwingereza. Wengi humjua kwa kazi yake ya DNA, lakini makaa yalitangulia. Alianza na makaa ya mawe mwaka 1942, wakati wa vita, na kuanzia 1947 alikuwa Paris akiyachunguza kwa eksirei.

Njia yenyewe ni hii. Mwali mwembamba wa eksirei huelekezwa kwenye unga wa makaa. Ukikutana na atomi hutawanyika, na filamu hunasa alama zake. Unga wa chumvi, ambao atomi zake zimejipanga sawasawa, huacha miduara iliyo wazi. Makaa huacha ukungu tu. Franklin aliupima ukungu huo, akaona kwamba ndani mna vipande vidogo mno vya kaboni, bapa kama mikeka, vimelaliana vichache vichache, kila fungu limeelekea upande wake.

Mwaka 1951 alieleza kwamba kaboni hizi ni za namna mbili. Baadhi zikipashwa moto hadi karibu nyuzi 3,000, mikeka hujipanga ikawa grafaiti, kama ile ya penseli. Nyingine hukataa: mafungu yameshikana ovyo, na katikati hubaki vitundu. Makaa ya miti na ya vifuu vya nazi yamo katika kundi hili la pili.

Vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa harufu na rangi. Ndiyo maana viwanda hupitisha makaa ya vifuu kwenye mvuke mkali, vitundu viongezeke, kisha huyatia katika vichujio vya maji. Makaa ya gunia la sokoni hayakupitia hayo.

Tena kuna jambo kubwa zaidi: kijidudu cha kipindupindu ni kikubwa kuliko vitundu hivyo mara mamia. Hakiingii humo, wala makaa hayakiui. Kwa hivyo, ndugu msomaji, makaa na yaondoe harufu, lakini maji yachemshe, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo chake, ndipo umpe mtoto anywe.