Wanetu katika barabara za ugenini

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kasesya



Anayevuka lango la Kasesya kwenda Zombe, upande wa Zambia, hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Jambo hilo hulikumbuka kila mfanyabiashara wa mpakani, kwani asiyelikumbuka hufika benki kabla milango haijafunguliwa. Upande wa barabara, hata hivyo, haubadiliki. Tanzania tunaendesha kushoto, na Zambia ni kushoto vilevile. Wamambwe na Walungu wapo huku na huko. Baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na malori ya mahindi ni yale yale. Kwa hiyo kijana wa Ufipa akifika Mbala hajioni kuwa yuko ugenini, na udereva aliojifunza kati ya Matai na Sumbawanga humtosha. Akiendelea mbele ndipo barabara inapoanza kumgeuka.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu katika miaka ya karibuni barua na simu zinazoletwa kwenye kamati yetu zimebadilika. Zamani tuliombwa dua na mchango kwa ajili ya mgonjwa au mazishi ya hapa hapa. Siku hizi tunaletewa habari za ajali za Lubumbashi, za Muscat, za Riyadh. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi hiyo. Mzazi anayemsafirisha mwanawe humwuliza kuhusu chanjo, fedha na sala. Habari za barabara haulizi.

Nianze na jirani. Tangu mwaka 2016 Zambia imepiga marufuku magari ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa saa zao. Kwa saa zetu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu mambo yamekwenda kinyume: mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Basi abiria aliyezoea hali ya kwetu hujikuta amekwama stendi ya Kasama au Mpika, na hapo ndipo anapojitokeza mtu mwenye gari dogo na kusema, "Twende, mimi napita." Dereva huyo aghalabu ameshinda akiendesha mchana kutwa. Mbele yake kuna barabara isiyo na taa, na lori bovu lililoachwa bila kiakisi. Ni heri kulala stendi juu ya mzigo wako.

Ukitoka Zambia kwa Kasumbalesa na kuingia Kongo, upande hubadilika. Huko huendeshwa kulia, kama ilivyo Burundi na Rwanda. Vijana wetu wanaovuka ziwa kutoka Kasanga kwenda Moba hukutana na badiliko hilo pia, ingawa pikipiki za bandarini huwapa nafasi ya kuzoea taratibu. Dereva wa lori hapewi nafasi hiyo. Lori lake limetoka Dar es Salaam na usukani upande wa kulia, na sasa anatakiwa aliendeshe upande wa kulia wa barabara. Maana yake amekaa ukingoni, mbali na mstari wa katikati. Akitaka kulipita gari lililo mbele, haoni linalokuja mpaka ametoa nusu ya lori lake nje. Hapo maisha yake yamo mikononi mwa utingo aliyekaa kushoto, kwa kuwa ndiye anayeona. Madereva wa zamani wa njia hiyo hawakubali kuingia Kongo na utingo anayesinzia, na mimi nawaunga mkono.

Lakini kuna hatari ndogo kuliko hiyo kwa kuitazama, nayo naiogopa zaidi. Ni lugha ya indiketa. Katika barabara zetu dereva wa lori humsaidia aliye nyuma yake: akiwasha indiketa ya kushoto, maana yake mbele ni salama, pita, akiwasha ya kulia, maana yake subiri, kuna gari linakuja. Hakuna kitabu cha sheria kinachofundisha hivyo, wala haiandikwi kwenye mtihani, lakini kila dereva kutoka Tunduma hadi Chalinze anaijua. Sasa mpeleke kijana huyo Saudia, ambako huendeshwa kulia na magari hupita kwa upande wa kushoto. Lori lililo mbele yake linawasha indiketa ya kushoto. Yeye anasoma, "pita." Dereva wa lori anasema, "Mimi mwenyewe natoka, naingia njia ya kushoto." Wote wawili wanaingia mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Vivyo hivyo kwa majani. Huku kwetu, na Zambia pia, gari likiharibika huvunjwa matawi ya miti yakapangwa barabarani kwa hatua kadhaa ili anayekuja ajue. Katika jangwa hakuna matawi ya kuvunja, na katika barabara kuu za Uarabuni gari huja kwa kilomita 120 au zaidi kwa saa. Mtu akishuka kutengeneza gurudumu kama anavyofanya kwenye kilima cha Matai, huenda asipande tena. Hata kipilefti, ambacho sisi tumekipa jina kwa upande wetu, kule huzungukwa kinyume, na anayestahili kupishwa hutokea kushoto.

Oman ina nafasi ya pekee katika habari hii kwa sababu ya udugu wa muda mrefu uliopo kati yake na pwani yetu, na kwa sababu mabinti na vijana wengi wa Kitanzania wanafanya kazi huko. Mwaka 2012 barabara za Oman ziliua watu zaidi ya 1,100, katika nchi ambayo wakati huo haikufikia watu milioni nne. Serikali ilikaza sheria, ikaongeza kamera za mwendo, na vifo vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Mtihani wao wa leseni una sehemu maarufu ya mapipa: unarudi kinyumenyume kati ya mapipa bila kuyagusa. Wapo madereva wetu wa miaka 15 walioshindwa mara tatu kwenye mapipa hayo, wakarudi nyumbani kwa mwajiri wakilalamika kuwa wanaonewa. Hawaonewi. Kurudi nyuma kwa kutumia vioo peke yake, bila utingo wa kupiga bodi kwa kiganja, hawakuwahi kujifunza.

Halafu kuna mabonde ya maji, yaitwayo wadi. Muda mwingi wa mwaka ni makavu, watu wanapita ndani yake kama njia. Mvua ikinyesha milimani, maji huja ghafla hata kama juu yako ni jua. Sheria ya Oman humwadhibu dereva anayejaribu kuvuka wadi lililojaa, na sababu inajulikana. Mwezi Aprili 2024, katika eneo la Samad al-Shan, mafuriko yalichukua gari lililobeba wanafunzi, na watoto wakapoteza maisha. Kijana wa Rukwa aliyekulia kwenye mito ya masika, anayepima kina cha maji kwa fimbo kisha akavuka, ndiye hasa wa kuonywa, maana anadhani anajua maji. Kusini, upande wa Salalah, kuanzia Juni hadi Septemba kuna msimu wa manyunyu na ukungu mzito, na ngamia huvuka barabara wapendavyo. Ukungu tunaujua sisi watu wa Ufipa. Ngamia ni habari nyingine: miguu yake ni mirefu, gari dogo likimgonga humfagia miguu na kiwiliwili chake huangukia kioo cha mbele.

Nisiwasahau dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, ambao hawaendeshi chochote. Tangu utotoni tulifundishwa: tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kule gari la kwanza hutokea kushoto. Mwanamke aliyetumwa dukani, mwenye haraka na hofu ya bosi wake, hufuata mazoea ya shingo yake. Katika Falme za Kiarabu, sheria iliyoanza kutumika Machi 2025 inamtishia kifungo na faini kubwa mwenda kwa miguu anayevuka pasipo kivuko kwenye barabara yenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kuendelea. Nani huku kijijini anamweleza binti jambo hilo? Wakala wa ajira hamwelezi, maana kazi yake imekwisha ndege iliporuka.

Nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu, nalo ni diya.

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alitujia baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe, dereva wa nyumbani katika nchi mojawapo ya Ghuba, alikuwa amemgonga kibarua aliyevuka barabara usiku, na kibarua yule akafariki. Kijana alikuwa amewekwa kizuizini. Mzee aliambiwa kwa simu kiasi cha diya, akaja kutuuliza kama ng'ombe wake 11 wangetosha. Nilifanya hesabu mbele yake kwenye karatasi, na sikuwa na ujasiri wa kuisoma kwa sauti. Saudia diya ya kuua kwa bahati mbaya ni riyali 300,000, ambazo ni karibu shilingi milioni 200 za kwetu. Katika Falme za Kiarabu ni dirhamu 200,000. Ng'ombe wa ukoo mzima wasingefika.

Alhamdulillah, kijana yule alikuwa na leseni ya nchi ile, na gari lilikuwa na bima. Bima ikalipa. Baada ya miezi kadhaa akaachiwa, na leo bado anafanya kazi. Leseni hiyo aliisubiri miezi minne bila mshahara kamili, huku mwenzake wa chumba kimoja akimcheka na kuendesha kwa leseni ya Tanzania peke yake. Laiti angekuwa ni yule mwenzake. Kampuni ya bima ikimkuta dereva hakuwa na leseni inayotambulika, huweza kuwalipa wafiwa kisha ikamgeukia yeye adai hadi senti ya mwisho, na kesi ikiendelea huweza kuzuiwa asitoke nchini.

Wala jambo haliishii kwa bima. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka mambo mawili juu ya anayemuua muumini kwa makosa: diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kampuni hulipa diya, lakini haifungi saumu kwa niaba ya mtu. Dereva aliyezembea na akasababisha kifo na awaulize wanazuoni kuhusu hali yake, asiridhike kwa kuwa polisi wamefunga jalada. Mzee wetu aliuliza pia kama zaka ingeweza kumsaidia kama mtu aliyelemewa na deni. Suala hilo tulilipeleka kwa masheikh wa Sumbawanga, nami silijibu hapa.

Kwa mahujaji na wanaokwenda Umra nina neno fupi. Tarehe 16 Oktoba 2019 basi lililogongana na mashine nzito karibu na Madina liliua watu 35. Tarehe 27 Machi 2023, ndani ya Ramadhani, basi la mahujaji lilipata ajali kwenye miteremko ya Asir, wakafa watu 20. Mabasi ya huko yana mikanda. Wazee wetu huikalia. Viongozi wa misafara wapite kiti kwa kiti kabla gari halijaondoka, hata kama watanuniwa.

Kwa wenye magari yanayovuka hapa Kasesya: kadi ya njano ya COMESA hutumika Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na kwingineko, na Tanzania inashiriki mpango huo ingawa si mwanachama wa jumuiya yenyewe. Humlinda mtu wa tatu mliyemdhuru. Ombeni kuiona kwa macho kabla ya kumkabidhi mtu mzigo au mtoto, na mwangalie tarehe.

Kamati yetu imefungua daftari. Kila anayesafiri kwenda kufanya kazi nje, awe dereva au la, tunamwomba aache jina lake, namba ya pasipoti, jina la mwajiri na simu yake, pamoja na jina la wakala aliyempeleka. Dereva aongeze nakala ya leseni ya nchi anayoendesha mara aipatapo. Daftari linapatikana kila Ijumaa baada ya sala, na wanawake wanaweza kuandikishwa na mwalimu wa madrasa siku za Jumamosi asubuhi. Hadi sasa yameandikwa majina 23. Tunajua waliosafiri ni zaidi ya hao.