Fahamu: Matone ya pua yanayobana mishipa ya damu

Kiangazi kikiingia Kindu, vumbi na mafua huziba pua, na matone ya farmasi huonekana jibu la haraka. Mengi yana ksailometazolini, oksimetazolini au nafazolini. Dawa hizi hukaza misuli midogo iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu ndani ya pua. Mishipa husinyaa, uvimbe hushuka, na hewa hupita baada ya dakika chache. Madaktari huzitumia pia kuzuia damu ya pua. Lakini haziponyi mafua yenyewe.

Ukizidisha siku 3 hadi 5, nguvu ya dawa ikiisha mishipa hutanuka kuliko mwanzo, nawe unaongeza tone jingine, na jingine. Kuna watu hukwama hivyo miezi mizima. Mwenye tansio amuulize daktari kwanza.

Kinachonitisha zaidi ni chupa iliyoachwa mezani. Mwaka 2012 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuwa mtoto mdogo akimeza mililita 1 au 2 tu anaweza kupoteza fahamu. Matone ya kuondoa wekundu wa macho ni ya jamii hiyohiyo. Mtoto akimeza, mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo.