Kazi ya Kutunza Vitabu vya Chuo Kikuu

Kijana wa Soin apandaye kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati yake mwaka 2013, aingiapo maktaba huona vitabu vimekwisha kupangwa. Lakini kitabu cha maktaba ya chuo kikuu hakiwekwi rafuni siku kinapofika. Kwanza hupigwa mhuri na kuandikwa katika orodha ya mali. Kisha nambari ya somo lake hubandikwa mgongoni, ili vitabu vya somo moja vikae pamoja.

Kikichakaa, hutengenezwa. Ukurasa uliopasuka huungwa kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Kurasa zilizolegea hushonwa kwa uzi. Na katika nchi ya majani chai, yenye mvua nyingi, kitabu kilicholowa sharti kikaushwe upesi, kisije kikaota ukungu.

Msomaji asikibandike mwenyewe kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka rangi na kuharibu karatasi. Wala asikifiche kwa kuogopa faini. Mpasuko mdogo ukionyeshwa mapema hutengenezwa kwa kazi ndogo. Ukifichwa huzidi, hata wanafunzi watakaokuja wakikose kitabu chote.