Kabla Shahada Mpya Haijafika Mnazi Mmoja

Kila mwaka, katikati ya mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huandaa maonesho ya elimu ya juu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Waliomaliza kidato cha sita hupita banda kwa banda na wazazi wao, na swali linalosikika sana ni moja: safari hii mna nini kipya? Vyuo navyo vinalijua swali hilo, basi huweka mbele kile kipya. Sayansi ya data, akili mnemba, usalama wa mitandao, uchumi wa buluu. Shahada ambazo zimefundishwa kwa miaka thelathini hubaki nyuma ya meza, kwenye vipeperushi vya rangi moja.

Hizi ni nyakati za mapya mengi. Mwaka 2021 Tanzania ilianza mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Fedha hizo zinajenga maabara, madarasa na hata kampasi mpya; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kinajenga Lindi na Kagera. Zinasomesha wahadhiri, na zinalipia kazi ya kupitia upya mitaala chuo baada ya chuo. Katika hayo matatu, jengo ndilo linalopigwa picha. Mtaala hauna utepe wa kukata. Lakini ukiniuliza mimi shahada ina uzito gani, sitakupeleka kwenye jengo. Nitakuomba tukae na makaratasi ya idara.

Shahada huanzia idarani, kwa mhadhiri mmoja au wawili wanaoamini kuna pengo. Sharti pengo hilo lithibitishwe: waajiri wahojiwe, wahitimu wa zamani watafutwe waeleze wanafanya kazi gani na nini walikikosa darasani, na mitaala ya vyuo vingine ichunguzwe. Rasimu ikikamilika inajadiliwa idarani, inapanda kwenye bodi ya ndaki au ya shule kuu, inafika kwenye kamati za Seneti na hatimaye Seneti yenyewe. Ndipo inapelekwa TCU kuombewa ithibati. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Kenya kazi hiyo inafanywa na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyotokana na sheria ya mwaka 2012. Katika njia yote hiyo, kutoka idarani hadi kwenye Tume, kila kikao kina haki ya kuirudisha rasimu ilikotoka, na nyingi hurudi zaidi ya mara moja. Wanaolalamika kwamba vyuo vyetu ni vizito kubadilika wana hoja, ila mwanafunzi atakayetoa miaka mitatu au minne ya ujana wake kwa shahada fulani anastahili uzito huo.

Moyo wa rasimu ni hesabu, na hesabu yenyewe watu wengi hawaijui, wakiwemo wanafunzi wanaoisoma shahada. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200. Gawanya kwa mihula miwili ya wiki 17 na mitihani ikiwemo, utapata takribani saa 35 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili.

Sasa chukua kozi moja ya krediti 12, ambayo ni saa 120. Ikiwa mhadhiri anafundisha saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, saa za mihadhara ni 45. Zimebaki 75. Hizo ni za semina, maabara, maktaba, kazi za vikundi na kusoma peke yako. Kwa maneno mengine, mtaala ulioidhinishwa na Seneti unasema sehemu kubwa ya elimu ya chuo kikuu hutokea pale mhadhiri asipokuwepo. Kinachoziba nafasi hiyo, mara nyingi, ni desa: notsi za mwaka jana, zilizonakiliwa na kunakiliwa hadi herufi zimefifia, siku hizi zikiwa faili la PDF kwenye kundi la WhatsApp. Desa halitokani na uvivu wa vijana peke yake. Linastawi pale ambapo mtihani wa mwaka huu unafanana na wa mwaka jana, maktaba ina nakala chache za kitabu kwa wanafunzi mia kadhaa, na semina iliyoandikwa kwenye ratiba haina wa kuiendesha.

Hapo ndipo suala la wahadhiri linapoingia. Kwa taratibu zetu anayefundisha shahada ya kwanza awe walau na shahada ya uzamili. Mwenye shahada ya kwanza aliyebakishwa chuoni kama mkufunzi msaidizi husaidia semina na maabara huku akijiandaa kwenda kusoma. Kutoka hapo hadi uzamivu ni safari ya miaka mitano au sita, na zaidi kama ufadhili unasuasua. Kwa hiyo chuo kinachotaka kufungua shahada katika fani changa kina njia mbili: kuwa kimeanza kusomesha watu miaka sita nyuma, au kuwaazima kutoka idara jirani. Kuazima si dhambi. Shahada nyingi nzuri zilianza hivyo. Kasoro inakuja pale idara ya takwimu na idara ya kompyuta zinapokopeshana wahadhiri walewale watano kwa shahada tatu tofauti, na kila moja kwenye makaratasi inaonekana ina wataalamu wa kutosha. Ndiyo maana, katika mafungu ya HEET, mimi naiona ile sehemu ya kusomesha wahadhiri kuwa ndiyo itakayodumu. Jengo litahitaji rangi mpya baada ya miaka kumi, ilhali mwenye uzamivu aliyerudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 35 ana robo karne ya kufundisha mbele yake.

Wasomaji wanaweza kudhani mivutano ya mitaala ni ya leo, au kwamba ni kazi ya makarani. Historia ya vyuo vyetu inasema vingine. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria pekee na wanafunzi wasiofika ishirini, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano chuoni kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa, na mjadala ukaangukia kwenye mtaala: mwanasheria na mhandisi wa nchi hii wanapaswa kuijua jamii yao kwa kiasi gani? Katika mijadala hiyo ndipo ilipochipuka kozi ya pamoja ya wanafunzi wote, ambayo baadaye ilikua na kuwa Taaluma za Maendeleo, yenye taasisi yake tangu 1973. Hadi leo mwanafunzi wa fizikia anaifanyia mtihani, mara nyingi akinung'unika. Ugomvi wa mtaani uligeuka kozi yenye namba.

Chuo cha Nairobi kilikwenda mbali zaidi, tena kwa karatasi moja. Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha kwenye bodi ya Kitivo cha Sanaa mapendekezo ya kawaida ya kuendeleza idara. Mwezi uliofuata wahadhiri na watafiti watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o (wakati huo akiitwa James Ngugi), Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika jibu. Hawakuomba kozi moja ya ziada ya waandishi wa Kiafrika iwekwe pembeni ya Shakespeare. Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika, fasihi simulizi iwe miongoni mwa nguzo zake, na fasihi ya Ulaya isomwe kama mojawapo ya fasihi za dunia. Ulikuwa waraka wa kikao, wa aina ile inayopigwa chapa na kugawiwa kabla ya chai. Mabishano yakawa makali, idara ikapangwa upya, na mwaka 1974 mkutano uliofanyika Nairobi School ukalipeleka suala hilohilo kwenye shule za sekondari. Mwanafunzi wa Kenya anayechambua ngano na methali darasani leo anakula matunda ya ajenda ya kikao cha kitivo.

Nimeutaja waraka ule kwa sababu unaonyesha kitu ambacho mapitio ya mitaala ya siku hizi hukikwepa: kufuta. Kuongeza ni rahisi. Kila mhadhiri ana kozi aipendayo, na heshima ya ukumbini inataka kila mmoja abaki na yake. Hivyo shahada inapitiwa, inaongezewa ujasiriamali, inaongezewa kompyuta, inaongezewa stadi za mawasiliano, na hakuna kinachoondoka. Krediti zinavimba, saa 35 kwa wiki zinakuwa 45 kwenye karatasi na ndoto kwenye maisha halisi. Mwenyekiti wa kikao anayethubutu kuuliza "tunatoa nini?" ndiye anayefanya kazi ya mapitio, wengine wanapanga upya orodha.

Safari hii kuna watu wapya mezani. Vyuo vimeunda kamati za ushauri zenye watu wa viwanda na biashara, waseme wanachohitaji kwa mhitimu. Ni hatua njema na ina mpaka wake. Mwajiri anajua vizuri tatizo la leo asubuhi: anataka kijana anayejua programu fulani ya uhasibu au mashine aliyoinunua mwaka jana. Chuo kinamwandaa mtu atakayekuwa kazini hadi miaka ya 2060, wakati mashine ile itakuwa chuma chakavu. Mahali ambapo kiwanda kina sauti isiyo na mbadala ni mafunzo kwa vitendo, ile fildi ya kila mwaka. Huko kijana akipewa kazi ya kutoa nakala za karatasi kwa wiki nane, hakuna mtaala utakaomwokoa, na wa kulaumiwa hayuko chuoni.

Ukitaka kujua kama mapitio yameingia darasani, usisome mtaala. Soma mtihani. Kwa kozi nyingi za vyuo vyetu alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, ule ambao wanafunzi huuita UE, na ambao huamua nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani amekeri (anabeba kozi hadi mwaka unaofuata) na nani amedisko (ameondolewa masomoni). Mtaala unaweza kusema mwishoni mwa kozi mwanafunzi ataweza kubuni mfumo wa maji wa kijiji. Fungua karatasi ya mtihani: "Taja aina tano za pampu." Kati ya kubuni na kutaja ndipo elimu inapovujia. Vyuo vina mtu anayepaswa kuliona hilo, naye ni mtahini wa nje, profesa au mhadhiri mwandamizi kutoka chuo kingine anayekuja kukagua mitihani na usahihishaji, kisha anaandika ripoti. Ripoti zake ni miongoni mwa nyaraka za thamani kubwa chuoni, na hazisomwi na wengi. Idara inayozijibu hoja kwa hoja ni idara hai. Idara ambayo ripoti ya mwaka huu inarudia kasoro za miaka mitatu iliyopita haihitaji shahada mpya. Inahitaji kuirekebisha iliyo nayo.

Na muda hausubiri. Kenya, darasa la kwanza la mtaala wa umilisi limeingia sekondari ya juu, gredi ya 10, Januari 2026, na linatarajiwa kubisha hodi vyuo vikuu mwaka 2029. Tanzania ilianza mitaala mipya Januari 2024, na mkondo wa amali ukaingia kidato cha kwanza. Wanafunzi hao watakuwa milangoni mwa vyuo mwishoni mwa muongo huu. Watakuja na mafaili ya kazi walizozifanya kwa mikono, si na orodha ya alama pekee. Mhadhiri atakayewapokea mwaka 2029 inabidi awe masomoni sasa hivi. Sifa za kujiunga zinapaswa kuandikwa upya, na maabara zipangwe kwa ajili ya mtu ambaye ameshashika bisibisi. Kwa jinsi rasimu inavyotembea kutoka idarani hadi TCU, idara ambayo haijaanza kikao chake cha kwanza imeshachelewa.

Basi mzazi atakayekwenda Mnazi Mmoja msimu ujao na aulize haya, na aulize hata kwenye banda la shahada kongwe. Shahada hii imepitiwa mara ya mwisho mwaka gani, na nini kiliondolewa? Wanaoifundisha ni wangapi, na kati yao wangapi wanafundisha shahada hii peke yake? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi, na nani aliwatafuta? Naomba kuona mtihani mmoja wa mwaka jana. Kijana anayegawa vipeperushi huenda asiwe na majibu, ila nyuma yake mara nyingi kuna mkuu wa idara aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, na huyo ndiye wa kuzungumza naye.